Chakula cha samaki kisitoke katika sahani ya mtoto



Kiangazi kikikaribia, swali la bwawa la samaki linarudi katika vikundi vyetu vya hapa Kamina. Sababu yake kila mmoja wetu anaijua: mboga ya kusindikiza bukari imekuwa mzigo. Samaki wa maziwa ya Upemba na Kisale anatufikia kupitia Bukama akiwa amekaushwa ao ametiwa chumvi, na kila mkono anaopitia unaongeza bei. Tomsoni wa barafu anatoka baharini, na gari-moshi likichelewa naye anakosekana. Kwa hiyo mama mwenye kipande cha shamba karibu na kijito anajiuliza: kwa nini nisichimbe bwawa langu?

Kuchimba si kazi ndogo. Lakini ugumu mkubwa unaanza bwawa likishajaa maji: hawa samaki watakula nini? Mara nyingi jibu linalotolewa ni hili: nunueni ndagala, twangeni unga, changanyeni na pumba za mahindi, muwape. Ni kweli, samaki watanenepa. Lakini kabla kikundi hakijatoa pesa ya likelemba kununua ndagala za bwawa, tukae kidogo tufanye hesabu, maana ndagala hizo ndizo zile zile tunazowatafutia watoto wetu.

Hesabu ya ndagala

Kila kiumbe kinachokua kinahitaji protini, ile sehemu ya chakula inayojenga mwili. Mtoto anayeshiba bukari ya muhogo peke yake anajaza tumbo, lakini mwili haupati cha kujengea. Nywele zinabadilika rangi, miguu inavimba, anakosa hamu ya kucheza. Unga wa muhogo hauna hata kilo 3 za protini katika kilo 100. Ndagala zilizokauka zina karibu 60. Ndiyo sababu kiganja kimoja cha ndagala katika sombe ni kitu kikubwa kwa mtoto aliyeachishwa ziwa.

Samaki wa bwawa naye anahitaji protini. Chakula kizuri cha tilapia wanaokua kinakuwa na karibu kilo 30 za protini katika kilo 100. Wenye viwanda wanaipata kwa kusaga samaki wadogo. Ili kupata kilo 1 ya unga wa samaki, inafaa kukausha na kusaga kilo 4 hivi, pengine 5, za samaki wabichi. Jambo hili si la hapa kwetu tu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo, FAO, linahesabu kwamba mwaka 2020 zaidi ya tani milioni 16 za samaki waliovuliwa duniani ziligeuzwa kuwa unga na mafuta, na sehemu kubwa yake ililishwa samaki wa kufugwa na wanyama wengine. Huko Ziwa Victoria, sehemu kubwa ya dagaa, samaki wadogo kama ndagala zetu, inakwenda katika chakula cha kuku na samaki. Mama wa Kisumu ao Mwanza anashindana sokoni na mwenye kiwanda.

Tukianza na sisi kununua ndagala kwa ajili ya mabwawa, tutakuwa tunashindana na watoto wetu wenyewe. Tutachukua chakula ambacho mtoto angekula leo, tumpe samaki, na kungoja miezi sita. Je, kuna njia nyingine? Iko, nayo inaota bure ndani ya maji, mbele ya macho yetu.

Shamba ndani ya maji

Mmeshaona maji ya dimbwi yaliyosimama karibu na zizi la mbuzi: baada ya siku chache yanakuwa ya rangi ya majani. Wengi wanasema ni uchafu. Kweli, si maji ya kunywa. Lakini rangi ile inatokana na vimea vidogo sana, vidogo hata jicho haliwezi kukitenga kimoja na kingine. Katika masomo ya Kifaransa watoto wetu wanaviita alge. Katika Kiswahili cha vitabu ni mwani. Sawasawa na mahindi shambani, mwani unatumia mwanga wa jua na chumvichumvi za mbolea kujenga mwili wake. Tofauti ni kwamba hauna shina wala mizizi ya kulisha, hivi unaongezeka upesi sana, na sehemu kubwa ya mwili wake ni protini. Aina nyingi, zikikaushwa, zinakaribia nusu nzima ya uzito wake. Soya, ambayo tunaisifu, iko karibu 36 hadi 40 katika kilo 100.

Kama mnataka kuona kwa macho, fanyeni na watoto somo hili nyumbani. Chukueni chupa mbili nyeupe za plastiki, mjaze zote maji ya mto ao ya bwawa. Katika moja tieni mbolea ya mbuzi kiasi cha kijiko kimoja kidogo. Nyingine iacheni hivyo. Msizizibe. Ziwekeni juani, mbali na watoto wadogo. Kisha juma moja ao mawili, linganisheni. Yenye mbolea itaanza kuwa ya rangi ya majani, na ile nyingine itabaki karibu vile ilivyokuwa. Waulizeni watoto: rangi hii imetoka wapi? Mkimaliza somo mwageni maji yote, yasiwe nyumba ya mbu.

Tumbo la tilapia

Si kila samaki anaweza kuishi kwa mwani. Kambale anapenda nyama: wadudu, samaki wadogo, mabaki ya jikoni. Tilapia ndiye mwenye kipawa hicho, na tumelijua hilo kutokana na utafiti uliofanywa si mbali na nchi yetu. Magharibi mwa Uganda kuna Ziwa George, lililounganishwa na Ziwa Edward, ambalo Kongo yetu inagawana na Uganda. Maji ya Ziwa George ni ya rangi ya majani mwaka mzima, na tilapia wake walikuwa wengi sana. Wataalamu wakajiuliza namna gani samaki hao wananenepa, maana mwani wa aina ile una ngozi ngumu ambayo wanyama wengi hawawezi kuivunja.

Mwaka 1973 mtafiti Moriarty alieleza jibu. Tumbo la tilapia linatoa asidi kali sana, kali kupita ile ya ndimu, na asidi hiyo ndiyo inayopasua mwani. Aligundua tena kwamba asidi hiyo haiko tayari saa zote. Samaki anapoanza kula asubuhi bado ni kidogo, na mwani wa kwanza unapita tumboni bila kuvunjwa; kadiri anavyoendelea kula, asidi inaongezeka. Kwa hiyo tilapia anafanya kazi ya kula mchana kutwa, sawa na mbuzi malishoni. Ukimpa chakula mara moja tu, tena maji yakiwa meupe, umemnyima malisho yake ya siku nzima.

Katanga yetu imekuwa shule ya jambo hili

Msifikiri hii ni habari ya kigeni. Kisha Vita ya Pili ya Dunia, kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi ya leo, kilikuwa kati ya vituo vya kwanza Afrika vya kujifunza ufugaji wa tilapia katika mabwawa. Samaki wawili wa huku kwetu walijaribiwa sana. Mmoja alikuwa Tilapia macrochir, anayekula mwani na vitu vidogo vidogo vya majini. Mwingine ni yule anayeitwa leo Coptodon rendalli, anayekula majani. Kutoka hapo ufugaji ukaenea, hata kufikia mwisho wa utawala wa Wabelgiji kulikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000 katika Kongo nzima. Baada ya hapo mengi yaliachwa: wakati wa fujo hakuna aliyeweza kuyatunza wala kuyafuata. Katika miaka ya 1970 na 1980, wajitolea wa Peace Corps wa Marekani walifundisha tena ufugaji katika vijiji vya Zaire, kwa mfano kule Kalambayi katika Kasai. Samaki wao alikuwa Tilapia nilotica. Somo lao la msingi lilikuwa hili: tengeneza kona ya mboji ndani ya bwawa, maji yawe ya rangi ya majani.

Kazi yenyewe

Tuchukue bwawa dogo la ari 1, yaani metre 10 kwa metre 10. Maji yawe na kina cha nusu metre upande mmoja na karibu metre 1 upande wa kutolea maji.

1. Maji yaingie, yasipite. Watu wengi wanaacha kijito kiingie upande huu na kutokea upande ule, wakifikiri samaki wanapenda maji ya kupita. Lakini maji yanayopita yanabeba mbolea na mwani wote. Jaza bwawa, funga, kisha ongeza tu yale yanayokauka ao kunywewa na udongo.

2. Tengeneza kona ya mboji. Piga fito katika kona moja ao mbili za bwawa, zuie sehemu ndogo, kama moja ya kumi ya bwawa. Humo utajaza majani mabichi, magugu, mabaki ya mboga na mbolea ya wanyama. Kila juma ingia uikoroge kwa mti, halafu ongeza.

3. Pima mbolea. Kwa ari 1, anza na kilo 5 hivi za mbolea kavu ya kuku kwa juma, ao kilo 10 za mbolea ya mbuzi ao ya ng'ombe. Gawanya kidogo kidogo. Usimwage yote siku moja.

4. Ngoja rangi. Usitie samaki siku ile ile. Kisha juma moja ao mawili maji yatabadilika. Hapo ndipo meza imeandaliwa.

5. Tia samaki. Vifaranga wawili kwa kila metre moja ya mraba wanatosha, yaani 200 katika ari 1. Wakiwa wengi kupita hapo, mwani hautawatosha.

Kipimo cha kila juma ni mkono wako mwenyewe. Asubuhi, jua likiwa limepanda, ingiza mkono majini umenyooka, kiganja kikitazama juu, mpaka maji yafike kwenye kiwiko. Kama kiganja kinapotea karibu na hapo, mwani uko sawa. Kama bado unaona vidole vizuri, maji yana njaa: ongeza mbolea. Kama kiganja kinapotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, mwani umezidi: acha mbolea mpaka rangi ipungue. Kipimo hiki hakiombi pesa, na mama asiyejua kusoma anaweza kukifanya sawasawa na mwalimu.

Je, mwani peke yake unatosha? Kwa kusema kweli, unampa tilapia sehemu kubwa ya protini, lakini atakua upesi zaidi ukimwongezea cha kumpa nguvu: pumba za mahindi, machicha ya pombe, majani ya muhogo ao ya matembele yaliyokatwakatwa. Hivyo ni vitu ambavyo mtoto hali, ao vinavyobaki. Bwawa lisilopewa kitu linatoa kilo chache tu kwa ari moja kwa mwaka. Likitunzwa vizuri kwa mbolea na mboji, laweza kufikisha kilo 20 hadi 30. Si utajiri, lakini ni sahani nyingi za samaki mbichi. Tusisahau vilevile kwamba Kamina iko juu, zaidi ya metre 1,000 kutoka bahari. Katika Juni na Julai usiku ni baridi, samaki wanakula kidogo na mwani unaota polepole. Katika miezi hiyo punguza mbolea.

Na ule unga wa spirulina?

Pengine mmesikia juu ya spirulina, ule unga wa rangi ya majani yaliyokolea unaouzwa katika vikopo vidogo. Nao ni wa ukoo huu. Wataalamu wanauhesabu kati ya bakteria zinazotumia jua, lakini zamani wote waliuita mwani. Kilo 100 za spirulina kavu zina kilo 60 hadi 70 za protini, sawa na unga wa samaki ao kuupita.

Wanawake ndio waliokuwa walimu wa kwanza wa jambo hili Afrika. Kule Chad, katika jimbo la Kanem, wanawake Wakanembu wanachota spirulina katika maziwa ya magadi, wanaimwaga juu ya mchanga ikauke, kisha wanakata vipande vinavyoitwa dihé na kuvipika katika mchuzi. Wazungu waliandika juu yake mwaka 1940, halafu Mbelgiji Jean Léonard akaieneza habari hiyo katika miaka ya 1960. Wamama wale walikuwa wakiila tangu zamani. Huku Afrika Mashariki, spirulina ndiyo chakula cha wale ndege wa rangi ya waridi wanaoonekana katika maziwa ya Nakuru na Bogoria, Kenya.

Katika chakula cha samaki pia imejaribiwa. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 1998, tilapia wachanga waliendelea kukua vizuri hata pale spirulina iliposhika nafasi ya 40 kwa mia ya protini ya unga wa samaki. Ilipozidi, walipunguza kukua. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walilisha tilapia chakula kisicho na samaki hata kidogo, chenye aina mbili za mwani wa baharini, na tilapia hao wakakua kuliko wale wa chakula cha kawaida. Kwa hiyo njia hii ina msingi.

Lakini spirulina inataka maji ya magadi yenye joto, nayo mito yetu haina magadi. Anayeuza vikopo akikuambia umwage unga huo bwawani uote, usimsikilize: hautaota. Na kuununua ili kulisha samaki ni ghali kuliko samaki mwenyewe. Mwani wa kwetu ni ule unaojiotea katika maji yaliyotiwa mbolea.

Mambo ya kuangalia

Maji ya rangi ya majani yana hatari zake. Usiku mwani hautoi hewa safi bali unaitumia, pamoja na samaki. Ukiwaona samaki alfajiri wakipanua midomo juu ya maji, hewa imepungua: ingiza maji mapya mara moja, na uache mbolea siku kadhaa. Kama utandu mzito umefunika maji kama rangi iliyomwagika, uondoe, na usiruhusu mbuzi kunywa hapo, maana aina fulani za mwani zina sumu. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu asichote mwani wa bwawa kumpikia mtoto akifikiri ni spirulina. Tumwachie tilapia kazi ya kuula. Sisi tutakula tilapia.

Tena, kateni majani ya kando ya bwawa ili konokono wa bilharzia na mbu wasipate makao, na anayeingia majini avae buti akiweza. Kuzungusha ua ni lazima, maana mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika maji ya magoti.

Neno kwa vikundi

Kabla ya kuchimba, pataneni juu ya mambo mawili na kuyaandika katika daftari. La kwanza: nani atapima maji kwa mkono kila juma, na nani atafuata akiwa mgonjwa ao safarini. Bwawa la watu wote lisilo na zamu ni bwawa la mtu hakuna. La pili: siku ya kutoa samaki, ni wangapi watauzwa na wangapi watakwenda nyumbani. Pesa ya minerval na ya dawa inahitajika, hakuna anayekataa. Lakini kama samaki wote wanapanda baiskeli kwenda sokoni, na watoto wa wenye bwawa wanabaki na sombe isiyo na kitu, kazi yetu imekosa shabaha. Andikeni sehemu ya watoto kwanza, kisha sehemu ya soko.

Na zile ndagala za likelemba? Zinunuliwe, ndiyo. Zitwangwe, zitiwe katika uji wa mtoto na katika sombe ya jioni. Bwawa lipewe mbolea ya mbuzi, jua na mkono wa mama unaopima. Samaki ana shamba lake majini. Mtoto hana lingine ila sahani yake.